Nimekabidhiwa jarida la chama chetu, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni daktari bingwa wa watoto hapa Dar es Salaam. Mwezi uliopita chama chetu cha kitaaluma, chenye wanachama Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani, kilinichagua kuwa mhariri mkuu wa jarida lake. Mzee aliyenitangulia amelibeba kwa miaka tisa, sasa amestaafu. Makabidhiano yalichukua nusu saa: flashi moja, nywila ya barua pepe ya jarida, na boksi la matoleo ya zamani. Tunatakiwa kutoa matoleo manne kwa mwaka, lakini la mwisho lilitoka miezi 14 iliyopita. Mwenyekiti anataka toleo jipya liwe mikononi mwa wajumbe kwenye mkutano mkuu, miezi mitatu ijayo, na anasisitiza muhula wangu usiishe kabla "hatujaingia PubMed", ule mtandao wa kutafutia makala za tiba. Sijawahi kuhariri jarida, nimekuwa mhakiki tu, yaani msomaji anayepima makala kabla hazijachapishwa. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, Dokta. Hongera, tena pole. Wewe unayeshinda na wazazi unajua kwamba aliyejifungua huambiwa yote mawili kwa pumzi moja, na hakuna anayeona ajabu.

Nakujibu kama mtu aliyewahi kukalia kiti hicho. Jarida nililopewa mimi, ambalo si lenu, lilikuja ndani ya mfuko wa rambo, enzi hizo mifuko hiyo haijapigwa marufuku. Kosa langu la kwanza ndilo hilo mwenyekiti wako anakusukumia: nilikimbilia toleo. Nilitafuta makala sita zilizo tayari, nikazipeleka kwa mchapaji Kariakoo, na mkutanoni nikapigwa picha nimelishika jarida kifuani kama kikombe cha ubingwa. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na daktari mmoja wa Songea. Aliuliza kwa upole, ule upole wa mtu ambaye hasira zake zilikwisha zamani, kama makala aliyotuma miaka miwili nyuma ilitufikia. Nilifungua barua pepe nikaikuta. Wahakiki wawili walishaisoma na wote wameikubali. Hakuna aliyemwandikia.

Basi acha toleo kwanza. Anza kwa kuhesabu madeni.

Fungua barua pepe ya jarida, fungua flashi, kisha mpigie mzee umwombe kwa heshima apekue na barua pepe yake binafsi. Waandishi wetu wakikosa jibu kwenye anwani ya jarida humfuata mhariri kwa jina lake, siku hizi hata kwa WhatsApp. Kila mswada upe mstari mmoja kwenye jedwali: kichwa cha makala, mwandishi, tarehe ulipofika, nani aliuhakiki na lini alirudisha maoni, na neno la mwisho ambalo mwandishi aliambiwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokunyima usingizi. Kazi hii itakula wikiendi mbili au tatu, na nakushauri uifanye kwa mkono wako hata kama una msaidizi. Ukiimaliza utakuwa unajua mambo ambayo hakuna kikao kitakachokueleza: nani huandika, nani hunyamaza, mhakiki gani ana makala tano kwenye droo tangu mwaka juzi.

Halafu waandikie waandishi wote, mmoja mmoja, barua fupi. Mswada wako ulifika tarehe fulani. Mimi ni mhariri mpya. Samahani kwa ukimya. Je, bado unataka tuendelee nao au umeshaupeleka kwingine? Nijibu ndani ya siku 30, nisipopata jibu nitaufunga, nawe utakuwa huru kuupeleka utakako. Inatosha. Usimsingizie mzee wala usieleze matatizo ya seva. Mwandishi hana haja ya historia ya chama, anataka kujua makala yake iko wapi. Na nyuma ya makala hiyo mara nyingi yuko mhadhiri anayengoja kupandishwa cheo, au kijana wa Muhimbili, KCMC au Bugando aliyemaliza shahada ya umahiri na anataka tasnifu yake isomwe na watu zaidi ya wasahihishaji wake.

Baadhi watakujibu kwamba walishachapisha kwingine. Wapongeze. Utawakuta na waliopeleka makala ileile kwa majarida mawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo kanuni zinalikataza, na ni haki zilikataze. Ila mimi sikuwahi kuwa na ubavu wa kumkemea mtu ambaye jarida langu lilimnyima jibu miaka miwili. Nilikuwa namwomba tu aondoe mswada upande mmoja, tunaendelea.

Makala ambazo mzee alishaziandikia barua ya kukubaliwa, ziheshimu. Utazikuta nyingine ambazo wewe usingezipitisha. Zichapishe. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, ile ya COPE iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997 na wahariri waliochoshwa na udanganyifu, ina msimamo huo: mhariri mpya hatangui uamuzi wa aliyemtangulia ila kama limejitokeza tatizo zito. Takwimu za kughushi ni tatizo zito. Utafiti usio na kibali cha maadili pia. Utangulizi uliochosha si tatizo zito.

Sasa turudi kwa mwenyekiti na miezi yake mitatu. Kwa miezi 14 ya ukimya mna upungufu wa matoleo manne hivi. Utashauriwa, na atakayekushauri atakuwa mtu mwema kabisa, kwamba uchapishe manne membamba harakaharaka na kila moja ulipe tarehe ambayo lilipaswa kutoka. Nakusihi usifanye hivyo. Tarehe ya kuchapishwa ni sehemu ya ushahidi wa kisayansi: kwayo tunajua nani alieleza jambo kwanza, na matokeo yalijulikana kabla au baada ya dawa kubadilishwa. Halafu uongo huo hauna akili. Niliwahi kushika toleo ambamo makala imeandikwa imepokelewa mwezi Machi na kuchapishwa Januari ya mwaka huohuo. Mhariri hakuona. Watu wanaopima majarida wanaona.

Toa toleo moja la pamoja, namba 1 hadi 4, lenye tarehe ya kweli ya siku lilipotoka, na ukurasa wa kwanza uweke nusu ukurasa wa maneno yako: jarida lilisimama kuanzia lini hadi lini, makala ngapi zilikuwa zinasubiri, zimefikia wapi. Msomaji atakusamehe kuchelewa. Kama miezi mitatu haitoshi hata kwa hilo, peleka mkutanoni jedwali lako la madeni ulionyeshe kwa projekta. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa pili. Ukumbi ulinyamaza, kisha watu watatu wakanyoosha mikono kujitolea kuhakiki.

Kuna jambo ambalo lingetangulia hata kuhesabu, nami nimelichelewesha kwa sababu linahitaji nafasi. Je, umepewa barua ya uteuzi? Ina nini ndani?

Jarida la chama lina mabwana wawili: chama kinacholipia, na ukweli wa kilichoandikwa. Siku nyingi mabwana hawa hukaa kwa amani. Siku wakigombana, barua yako ndiyo itakayosema nani anakaa wapi. Usidhani ugomvi huo ni wa kwetu tu. Januari 1999 Chama cha Madaktari wa Marekani kilimfukuza George Lundberg, aliyekuwa ameliongoza jarida lao la JAMA kwa miaka 17. Alikuwa ameamua kuchapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo wanavyoelewa maana ya kufanya ngono, wakati uleule Baraza la Seneti likimjadili Rais Clinton kwa mambo yanayokaribiana sana na hayo, na wakubwa wa chama wakaona ameliingiza jarida katika siasa. Baada ya kelele za dunia nzima chama kiliunda kamati ya kukaa katikati ya mhariri na uongozi. Februari 2006 yakawa Kanada: chama cha madaktari kilimwondoa John Hoey, mhariri wa jarida lake, CMAJ, pamoja na msaidizi wake Anne Marie Todkill. Miezi michache kabla, jarida lilitaka kuchapisha habari za wanawake waliokwenda duka la dawa kununua vidonge vya dharura vya kuzuia mimba wakaulizwa maswali ya faragha. Chama cha wafamasia kililalamika, na wenye jarida wakalazimisha habari ibadilishwe. Baada ya kufukuzwa kwa wahariri, wajumbe wengi wa bodi walijiuzulu. Hivyo ni vyama tajiri, vyenye wanasheria kila ghorofa. Chama chenu kina mwenyekiti mwenye simu yako.

Kwa hiyo omba barua iseme haya kwa maneno mepesi. Uamuzi wa makala ipi ichapishwe ni wa mhariri peke yake. Muhula ni wa miaka kadhaa iliyotajwa. Mhariri anaweza kuondolewa na baraza lote, wala si mwenyekiti peke yake, kwa sababu zilizoandikwa, na kuchapisha jambo lisilopendeza isiwe mojawapo. Bajeti ni kiasi fulani na mwidhinishaji wake ni fulani. Na jina la tovuti, anwani za barua pepe na nywila zote ni mali ya chama. Omba barua hiyo sasa, wakati bado wanakuhitaji na wanakupenda. Ukingoja mpaka siku ya ugomvi itaonekana umeanzisha wewe.

Ugomvi wa kwetu, mara nyingi, wala hautoki kwenye siasa. Unatoka kwenye makala ya mkubwa. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea makala ya mtu aliyenifundisha, mjumbe wa baraza, bingwa kwelikweli. Ilikuwa dhaifu: wagonjwa wachache, hitimisho kubwa. Wahakiki wote wawili walisema irudishwe. Nilikaa nayo miezi minne nikijifanya natafuta mhakiki wa tatu, na muda wote huo nilikuwa nazunguka kwa ngazi za nyuma ili tusikutane kwenye korido. Hatimaye nikamkuta msibani, Kinondoni, tumekaa mkeka mmoja. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kijana, ile karatasi yangu umeila?" Niliona aibu ambayo barua ya kukataa isingenipa hata robo yake.

Tangu siku ile niliweka utaratibu, nakupa bure. Makala yoyote ya mjumbe wa baraza, ya mhariri mwenyewe, au ya mtu aliyewahi kukufundisha au mnayefanya naye kazi wodi moja, inashughulikiwa na mhariri mshiriki wa nchi nyingine tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe huoni majina ya wahakiki, huandiki barua. Akija kukuuliza, unamjibu kweli kabisa: "Mzee, hiyo ipo Kampala, hata mimi sijui imefikia wapi." Mnanufaika na ukanda wenu hapo. Wahariri washiriki wawe angalau wawili nje ya Tanzania, tena watu wa kufanya kazi. Majina makubwa ya kupamba ukurasa wa ndani yapo ya kutosha.

Kuhusu wahakiki sina mengi, kwa kuwa umekuwa mmoja wao na unajua yanayowaudhi. Majarida mengi huficha majina pande zote mbili. Yafiche, lakini usijidanganye kwamba yamefichika. Katika fani zetu ndogo, mtu akisoma "hospitali ya rufaa, wagonjwa 43, kifaa fulani" ameshamjua mwandishi na hata gari lake. Kinga ni mhakiki aliye mbali. Mpe wiki tatu, mkumbushe mara moja, kisha mwache utafute mwingine. Kusubiri wakubwa ndiko kulikojaza jedwali lako. Vijana waliotoka kusoma juzi huhakiki kwa makini kuliko sisi, na barua ya shukrani yenye muhuri wa chama ina thamani kwao. Maoni yakija na matusi, yafute kabla hujayatuma. Nina mhakiki aliyewahi kumwandikia mwandishi kwamba angefaa kilimo. Nilimpigia nikamwambia baba yangu alikuwa mkulima.

Majina ya waandishi yatakusumbua zaidi. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE, iliyoanza na mkutano mdogo Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito ama kubuni kazi, ama kukusanya takwimu, ama kuzichambua, awe ameandika au kusahihisha maandishi kwa kina, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Hilo la nne liliongezwa mwaka 2013. Lazima yatimie yote manne. Mkuu wa idara aliyetia saini ombi la likizo ya utafiti hatimizi hata moja, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kwenye orodha kwa heshima. Usimwachie kijana vita hiyo, hana nguvu nayo. Tengeneza fomu ambayo kila mwandishi anajaza mwenyewe alichofanya, kwa sentensi yake, na anatia saini. Utashangaa majina yanavyojiondoa yenyewe. Aliyesaidia bila kutimiza masharti awekwe kwenye shukrani. Na tangu mwaka 2023 kamati hiyohiyo imesema wazi kwamba programu za akili unde (AI) haziwezi kuwa mwandishi, na aliyezitumia aseme amezitumia wapi. Makala ikikupa shaka, chukua marejeo matano uyatafute mwenyewe. Ukikosa mawili, ongea na mwandishi kabla hujampotezea mhakiki muda.

Vibali. Kwa tafiti za Tanzania Bara utazoea kuona cheti cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au cha kamati ya maadili ya taasisi, na Zanzibar ina kamati yake. Omba nakala ya cheti, namba peke yake isikuridhishe, na usome tarehe: kibali kilichotolewa baada ya wagonjwa kuanza kuandikishwa ni jambo la kuuliza. Kwa majaribio ya tiba, uliza yalisajiliwa kwenye rejista ya wazi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. ICMJE inalidai hilo tangu mwaka 2005.

Taarifa za mgonjwa mmoja zitakuwa nyingi kwenye jedwali lako, kwa sababu ndizo rahisi kuandika. Hapo simama imara. Waandishi wengi wanaamini kwamba mstari mweusi machoni pa picha unamficha mtu. Haumfichi, na miongozo ya kimataifa inasema hivyo bila kumung'unya. Ukiandika mtoto wa miaka sita, wilaya fulani, uvimbe wa aina hii, pale kijijini kwao wanamjua kwa jina na kwa mama yake. Ridhaa ya mzazi iwe ya kuchapisha, iliyoandikwa. Ile aliyosaini kwa ajili ya upasuaji ni nyingine. Mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe naye. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni kati ya zile inazozilinda zaidi. Picha isiyoongeza kitu kwa msomaji, itoe.

Kisha PubMed. Mweleze mwenyekiti kwa utulivu kwamba PubMed ni dirisha tu la kutafutia makala, linaloendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Jarida huonekana humo kwa kupitia milango miwili mikubwa, MEDLINE, orodha ya majarida yaliyochujwa, au PubMed Central, hazina ya makala kamili, na kwenye milango yote wanakagua ubora wa sayansi, uandishi na utaratibu mlionao. Wakifungua tovuti yenu leo wataona miezi 14 ya ukimya, na hatuhitaji kuwasubiri watuambie. Miaka miwili ya matoleo yanayotoka kwa tarehe zake ina nguvu kuliko barua yoyote ya maombi. Katika miaka hiyo fanya yaliyo karibu. Hakikisha ISSN, namba ya utambulisho wa jarida, ni sahihi na kama mna nakala ya karatasi na ya mtandaoni kila moja ina yake. Sajili makala zenu DOI, namba ya kudumu ya kila makala, kupitia shirika la Crossref, ili kiungo kisife tovuti ikihama. Ingieni AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika ulioanza mwaka 1998, na African Index Medicus ya Shirika la Afya Duniani. DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, itafuata. Kwa kupokea miswada kuna Open Journal Systems, programu ya bure kutoka Kanada inayotumiwa na majarida mengi Afrika. Kijana mmoja wa IT anaisimika, ila hakikisha anawafundisha watu wawili, maana vijana wa IT wanahama.

Wakati huohuo angalia jina la tovuti limesajiliwa kwa nani na linaisha lini. Hili fanya leo jioni. Mara nyingi limesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mtu ambaye hayupo tena. Likiisha muda bila kulipiwa, kuna matapeli wanaolinunua, wanatengeneza jarida la bandia lenye jina lenu na ISSN yenu, na wanaanza kuwatoza madaktari wetu kwa dola. Kulikomboa jina ni kazi ya miaka.

Mwenyekiti anataka PubMed kwa sababu anataka jarida liheshimike, na hapo namwelewa. Lakini muulize kama amewahi kusikia habari ya Kashasha. Januari 1962, wasichana watatu wa shule moja karibu na Bukoba walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Hadi shule inafungwa Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na hali hiyo ikasambaa vijijini. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliiandika, na mwaka 1963 ikachapishwa na jarida la kanda, Central African Journal of Medicine. Dunia nzima bado inalitaja tukio lile, mara nyingi kwa chumvi nyingi, na kila anayetaka kujua kilichotokea hasa hana budi kurudi kwenye kurasa zile chache. Linganisha na chikungunya. Homa iliyowapinda watu kule Newala mwaka 1952 na 1953, ikapata jina lake kwa Kimakonde, ilielezwa mwaka 1955 katika jarida la London. Mmakonde aliitoa homa na jina, maelezo yakahifadhiwa ng'ambo. Jarida lenu lipo ili mlipuko ujao wa Newala au Kagera upate pa kuandikwa hapahapa, na mganga mkuu wa wilaya aweze kuusoma bila kulipia. Kwa sababu hiyohiyo ningeongeza ikisiri (muhtasari) ya Kiswahili chini ya ile ya Kiingereza. Waandishi watalalamika, halafu watagundua hawajui "homa" yao ni ipi kati ya tano.

Pesa. Kabla hujalipia karatasi, lipa mtu. Karani wa nusu siku, mwenye kujua barua pepe na asiyeogopa kuwakumbusha maprofesa, ataliokoa jarida kuliko jalada la kung'aa. Majarida ya vyama vyetu hayafi kwa kukosa sayansi. Yanakufa kwa sababu mhariri ana kliniki Jumatatu, zamu Jumatano, na foleni ya magari ya pale Morocco, Dar es Salaam, jioni zote. Chapisha mtandaoni, karatasi iwe chache za maktaba na za wazee wanaozipenda. Mkitoza waandishi ada, iandikwe wazi kwenye tovuti, na isidaiwe kabla makala haijakubaliwa, msije mkafananishwa na matapeli.

Matangazo ya dawa yanaruhusiwa, mradi yasikae kando ya makala inayohusu dawa hiyo na muuzaji asijue toleo lina nini kabla halijatoka. Moja utalikataa bila kikao. Kampuni ya maziwa ya kopo itakuja, pengine kupitia kamati ya mkutano, ikiwa na fedha inayotosha matoleo yote manne. Wewe ni daktari wa watoto. Unaijua Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa mbadala kuliko mimi. Lisemee hilo barazani mapema, kabla mtu hajapokea bahasha na kushukuru.

Lile boksi, liondoe sakafuni. Mvua za masika zilinilia juzuu mbili nilizokuwa nimeziweka chini ya meza, na hadi leo sijapata nakala zake popote. Mtafute kijana azipige skani kuanzia toleo la kwanza, na kila makala iwe faili lake.

Ukishamaliza jedwali, niandikie mambo mawili tu: jumla ya miswada, na mingapi kati yake haikuwahi kupata jibu lolote. Hapo ndipo nitakuambia kama miezi mitatu ya mwenyekiti inatosha.